Usiku Tuliozima Simu



Nina kosa la kuwasimulia. Kwa Padri nimekwisha kuliungama, lakini kosa lililotendwa hadharani halimaliziki katika kiti cha maungamo peke yake.

Jioni moja ya Dominika, baada ya rozari, nilisimama mbele ya jumuiya yetu nikasoma tangazo nililolipokea kwenye simu. Tangazo lilidai kwamba usiku ule, tangu saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, miali ya kosmiki ingepita karibu na dunia. Kwamba kila mtu azime simu yake na kuiweka mbali na mwili. Kwamba habari hiyo ilitolewa na NASA. Nilisoma kwa sauti ile ile ninayosomea masomo ya Misa. Watu walinisikiliza kama mnavyomsikiliza mwalimu wenu wa katekesi, nao wakaenda wakazima simu. Mimi nilizima ya kwangu kwanza.

Usiku huo mtoto wa jirani yangu alishikwa na degedege. Mama yake alinipigia mimi, akampigia kiongozi wa jumuiya, akampigia kijana mwenye pikipiki. Simu zote zilikuwa kimya kwa utii. Alimfunga mtoto mgongoni akatembea gizani hadi kituo cha afya. Mtoto alipona, Mungu asifiwe. Asubuhi mama yule hakunilaumu hata kwa neno moja, aliniuliza tu: “Mwalimu, ile miali ilipita?” Sikuwa na jibu.

Nilimwandikia kijana mmoja niliyemfundisha zamani, kwanza katekesi, kisha darasani. Siku hizi yuko ng'ambo, anaendelea na masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza, katika elimu inayoitwa fizikia ya anga za juu. Niseme ukweli wote: alipokuwa akimaliza sekondari alinijia akaniambia anataka kusoma mambo ya jua na nyota, nami nikamshauri ashike pedagojia, kwa kuwa mbinguni, nilimwambia, hakuna mshahara. Hakunifuata. Nashukuru kwamba hakunifuata.

Jibu lake lilikuwa refu, lenye heshima, na halikuniacha na kisingizio. Tangazo lile, alisema, limekuwa likizunguka duniani kwa miaka mingi, kila mara likisema “usiku huu”. Miali ya kosmiki ipo kweli, lakini haina miadi ya saa sita na nusu. Inapita sasa hivi mnaposoma maneno haya. Chembe zake hutoka mbali sana, nje ya mfumo wa jua letu. Zinapogonga hewa ya juu huzaa chembe nyingine, na hizo hutushukia usiku na mchana. Kwa kadiri, kila sekunde moja hupita katika kiganja cha mkono. Zilipita katika viganja vya babu zetu ambao hawakuwa na simu. Kuzima simu hakuzuii chembe hata moja.

Kisha akaandika jambo lililonishangaza zaidi. Dunia ni sumaku kubwa, na sumaku hiyo huzikunja njia za chembe zenye umeme. Kinga hiyo ni dhaifu karibu na ncha za dunia na ni imara kuzunguka ikweta. Maana yake ni kwamba sisi wa Kivu, wa Kisangani, wa Mbandaka, tuko miongoni mwa watu wanaokingwa vizuri kuliko wote dhidi ya miali hiyo. Tangazo lililotutia hofu lilitupata mahali pale pasipokuwa na sababu ya hofu.

Miali hiyo aliigundua Mwaustria Victor Hess mwaka 1912, kwa kupanda angani katika puto akiwa na vyombo vyake hadi zaidi ya mita 5,000. Wengi walidhani mnururisho unatoka ardhini na utapungua kadiri mtu apandavyo. Yeye aliukuta unaongezeka. Miaka kama ishirini baadaye ilibaki hoja: je, ni mwanga wa aina fulani, au ni chembe zenye umeme? Mmoja wa waliosaidia kulijibu swali hilo, kwa kukokotoa jinsi sumaku ya dunia inavyozipinda chembe hizo na kuzipunguza kwenye ikweta, alikuwa padri. Ni Georges Lemaître, Mbelgiji, aliyepewa upadri mwaka 1923 na kufundisha katika Chuo Kikuu Katolika cha Leuven. Kazi hiyo aliifanya pamoja na Mmeksiko Manuel Sandoval Vallarta. Wengi wamemsikia Lemaître kwa sababu ya nadharia ya ulimwengu unaotanuka, aliyoiandika mwaka 1927. Wachache wanajua habari ya miali. Basi mimi, mkatekista, nilieneza uongo juu ya jambo ambalo padri wa Kanisa langu alikuwa amelichunguza kwa hesabu tangu miaka ya 1930. Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kijana wetu anachunguza nini hasa? Nilimwomba anieleze kama anavyomweleza mama yake. Jua, alisema, halitoi mwanga tu. Linapuliza. Upepo wake ni wa chembe zenye umeme, nao husafiri kwa kilomita 400 hivi kila sekunde, wakati mwingine maradufu. Mwanga wa jua hutufikia kwa dakika nane na kidogo. Upepo huo huchukua siku tatu au nne. Ukifika, hukutana na sumaku ya dunia na kuizunguka, kama maji ya mto yanavyolizunguka jiwe. Lakini mara nyingine jua hutupa wingu zima la chembe hizo kwa ghafula, na hapo sumaku ya dunia hutikisika. Tarehe 13 Machi 1989 mtikisiko wa namna hiyo ulizima umeme katika jimbo la Québec, Kanada. Watu milioni sita walikaa gizani kwa saa kama tisa. Mwezi Mei 2024 ilitokea dhoruba kali kuliko zote tangu 2003. Wakulima wa Marekani, ambao matrekta yao huongozwa na setilaiti, walilazimika kusimamisha kupanda kwa sababu mashine zilipotea shambani mwao wenyewe.

Yeye mwenyewe anapenda zaidi tabaka la juu la hewa liitwalo ionosfia, kuanzia kilomita 60 au 80 hivi juu yetu na kuendelea. Hapo mwanga wa jua huvunja atomu na kuacha umeme ukielea. Msidhani ni jambo la wazungu. Wazee wa parokia za ndani wanaikumbuka foni, ile redio ambayo mapadri walitumia kuwasiliana misheni hadi misheni, barabara zilipokuwa zimekufa. Sauti ya foni ilifika Kindu au Kongolo kwa kugonga ionosfia na kurudi chini, kama mpira unaodundishwa darini. Ndiyo maana masafa ya mchana hayakufaa usiku. Ndiyo maana pia mlipuko mkali juani huweza kuinyamazisha foni kwa dakika nyingi upande wa dunia ulio mchana, hata kama betri ni nzima na hali ya hewa ni shwari. Nilipokuwa kijana nilimwona Padri mmoja akikipiga kofi chombo chake. Leo ningemwambia asubiri kidogo, jua lipumue.

Tena katika nchi zilizo karibu na ikweta ionosfia ina tabia yake. Baada ya jua kutua, hasa katika miezi ya Machi na Aprili, Septemba na Oktoba, hutokea mapovu ndani yake, na mawimbi ya setilaiti yanayopita humo hutetemeka. GPS hukosea au hupotea. Rubani anayetua usiku na mpimaji ramani wanahusika. Ncha za dunia zimechunguzwa sana kwa sababu matajiri wanaishi upande ule. Anga ya ikweta ya Afrika ina vyombo vichache mno vya kuipima. Hapa sisemi kama mwalimu bali kama mzazi: nani atakayeipima ikiwa si ninyi?

Sasa nafikia shabaha yangu. Simu iliyoniletea uongo ingaliweza kuniletea ukweli kwa bei ile ile ya mega. Tangazo lilitaja NASA. Nami sikufikiri hata dakika moja kwenda kwa NASA wenyewe kuuliza. Nilimwuliza kijana wetu anapoamka hufungua wapi. Kwanza, alisema, hulitazama jua. NASA wana chombo kinachoitwa Solar Dynamics Observatory, kilichorushwa Februari 2010, ambacho hulipiga picha jua mfululizo, na picha hizo huwekwa wazi kwa kila mtu bila malipo. Zipo za ukubwa mbalimbali. Mwenye mega chache achague ndogo kabisa, inatosha kuona madoa. Kisha husoma utabiri wa kituo cha Marekani kilichoko Boulder, Colorado, kinachotangaza dhoruba za jua kama wengine wanavyotangaza mvua, kwa daraja kuanzia moja hadi tano. Laiti ningalikifungua usiku ule! Kisha huenda Uccle, huko Brussels, ambako Wabelgiji hutunza hesabu ya madoa ya jua ya dunia nzima. Hesabu hiyo ni ndefu ajabu: ya kila mwaka huanzia 1700, na ya kila siku huanzia 1818. Watu wasiolipwa, wenye darubini ndogo nyumbani, ni miongoni mwa wanaoichangia hadi leo.

Makala za wataalamu huzipata arXiv, ghala lililofunguliwa mwaka 1991 ambako wanasayansi huweka kazi zao zisomwe bure. Zimeandikwa kwa Kiingereza, na hilo ni mzigo kwetu tuliolelewa kwa Kifaransa. Yeye aliubeba mzigo huo kwa kusoma muhtasari mmoja kila siku akiwa na kamusi. Mwaka wa kwanza, asema, alielewa nusu.

Kuna chombo kingine, SOHO, kilichorushwa mwaka 1995 kulichunguza jua. Picha zake ziliwekwa wazi, na watu wa kawaida wakaanza kuona ndani yake nyotamkia ndogo zinazopita karibu na jua, ambazo wataalamu hawakuwa na muda wa kuzitafuta. Machi 2024 ilipatikana nyotamkia ya 5,000. Aliyeiona ni mwanafunzi wa udaktari huko Prague, ambaye alianza kuzitafuta kwenye picha hizo akiwa na umri wa miaka 13. Tafakarini umri huo. Ni umri wa wale tunaowaandaa kwa Kipaimara. Hakuhitaji kumiliki darubini. Alihitaji picha zilizo wazi kwa wote, subira, na mtu mzima asiyemwambia kwamba mbinguni hakuna mshahara.

Najua wapo watakaonijibu. Mama mmoja wa jumuiya yetu, mwenye imani kuliko yangu, amekwisha kuniambia: “Mwalimu, mkianza kupima anga, mtabakiza nini kwa Mungu?” Namheshimu, wala swali lake si la kipuuzi. Lakini anayeogopa kwamba Mungu atapungua kwa kupimwa jua, amemfanya Mungu kuwa jina la mambo tusiyoyajua. Kitabu cha Hekima, sura ya 13, hakiwalaumu wapagani kwa kuzichunguza nyota. Kinawalaumu kwa kusimama kwenye nyota bila kuvuka kwenda kwa aliyezifanya. Lemaître alilinda mpaka huo pande zote mbili. Mwaka 1951 Papa Pius XII, katika hotuba kwa Akademia ya Kipapa ya Sayansi, aliikaribia sana fikra kwamba sayansi mpya imethibitisha uumbaji. Lemaître hakufurahi. Kwake nadharia yake ilikuwa fizikia, ya kukubaliwa au kukataliwa kwa vipimo, naye hakutaka imani itundikwe kwenye msumari ambao wanasayansi wanaweza kuung'oa kesho. Hilo halikumharibia mbele ya Kanisa: tangu 1960 hadi kufa kwake 1966 alikuwa rais wa Akademia hiyo hiyo.

Nasi hapa tusijifanye wageni. Rekta wa kwanza wa Lovanium, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padri mwanafizikia, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Kinshasa ilipata kinu cha kwanza cha nyuklia cha utafiti barani Afrika. Lwiro, huko Kabare, wengi wenu mnaijua kwa sababu ya sokwe. Lakini majengo yale ni ya taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947, na matetemeko ya ardhi yetu yamepimwa humo kwa miongo mingi. Vatikano nayo ina kituo chake cha kuchunguza nyota, na tangu 1986 hukaribisha Castel Gandolfo, takriban kila miaka miwili, wanafunzi kama 25 wa vyuo vikuu kutoka duniani kote, wengi wao wa nchi maskini. Wala hawaulizwi dini. Mkongomani mwenye shahada anaweza kuomba. Mwambieni dada yenu, kaka yenu.

Jibu la pili ni zito zaidi, nami silipokei kwa wepesi. Kijana mmoja wa Kizito-Anuarite aliniambia: “Mwalimu, sisi tunalala tukisikiliza risasi, wewe unatuletea upepo wa jua.” Nilinyamaza. Sitamwambia kwamba fizikia itanyamazisha bunduki. Lakini nimeishi vya kutosha katika mkoa huu kujua kwamba kabla ya risasi hutangulia tetesi: fulani wamekuja, fulani wamewekewa sumu, kijiji fulani kimehama. Anayetuma mbele bila kupima habari ya miali ndiye atakayetuma mbele bila kupima habari ya jirani yake. Ni mkono ule ule, ni kidole kile kile. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike kupima yote kabla ya kushika lililo jema. Sikumbuki kama aliwaondoa wakatekista katika agizo hilo.

Tena tusidhani kwamba wataalamu hawakosei. Mwaka 1958 Mmarekani Eugene Parker, akiwa na miaka 31, aliandika kwamba jua lazima lipulize upepo. Wahakiki wawili wa jarida waliikataa makala yake. Mhariri, Subrahmanyan Chandrasekhar, naye hakuipenda fikra hiyo, lakini alitambua kwamba wahakiki hawakuonyesha kosa lolote katika hesabu, akaichapa. Mwaka 1962 chombo cha Mariner 2, kikiwa njiani kwenda Zuhura, kiliupima upepo ule. Mwaka 2018 NASA walirusha chombo chenye jina la Parker, naye akiwa hai akishuhudia. Desemba 2024 chombo hicho kilipita kilomita kama milioni sita tu kutoka uso wa jua. Nampenda Parker, lakini nampenda mhariri zaidi. Aliruhusu jambo asilolipenda kwa sababu hakuwa na haki ya kulikataa. Katika mabaraza yetu ya parokia nimeona kinyume chake mara nyingi.

Kwa hiyo tumekubaliana neno moja katika kikundi chetu: tangazo lolote linalotaja mtaalamu halisomwi mbele ya watu kabla wawili hawajaenda kulitafuta kwa mtaalamu mwenyewe. Sharti hili linanihusu mimi wa kwanza. Mega tunachanga, franka chache kila mmoja, na simu moja hupakua kwa niaba ya wote.

Tena Jumamosi iliyopita tulilitazama jua. Nawaonya kwa nguvu zangu zote: msilitazame kamwe kwa macho, wala kupitia lenzi yoyote, macho huungua bila maumivu na hayarudi. Tulichukua darubini ya macho mawili, jumeli, tukaziba jicho moja, tukaifunga kwenye kiti ikielekea jua, na mwanga uliotoka nyuma tukauacha uangukie karatasi nyeupe, mmoja wetu akilinda asije mtoto akachungulia. Duara likatokea, na ndani yake vitone vyeusi. Tulihesabu tisa. Kisha tukafungua hesabu ya Uccle ya siku ile: ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko yetu. Binti mmoja wa darasa la Kipaimara akakunja uso akasema, “Wabelgiji wanatudanganya tena.” Nilicheka, lakini nilifurahi pia, kwa sababu hakukubali tu.

Tulimwuliza kijana wetu. Akajibu kwamba kanuni ni ya tangu karne ya 19: makundi ya madoa huzidishwa kwa kumi, kisha huongezwa idadi ya madoa yenyewe. Tukairudia karatasi. Makundi yalikuwa matatu, madoa tisa, jumla 39. Bado tulikuwa chini ya Uccle. Binti yule akaona kwamba lenzi yetu ni ndogo mno kwa madoa madogo, akaondoka akisema kwamba mjomba wake ni mlinzi katika hifadhi ya Kahuzi-Biega na anayo darubini nzuri zaidi. Atamwomba aiache nyumbani Jumamosi ijayo.